Nguo Iliyozunguka Kisiwa: Namna ya Kuisoma Tarikhi ya Kilwa na Kuijengea Hoja

Miongoni mwa visa vya mwambao wetu, ni vichache vilivyonukuliwa na kubishaniwa kama kisa cha kununuliwa Kilwa. Sultani wa Shiraz aliota ndoto: panya mwenye pua ya chuma alikuwa akiguguna ukuta wa mji. Akajua kuwa nchi yake itaharibika, akaondoka na wanawe sita kwa majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake, moja Mombasa, moja Kilwa, moja Nzwani katika visiwa vya Komoro. Aliyefika Kilwa alimkuta mwenyeji mtawala, akamwomba kisiwa, naye akajibiwa kuwa atakipata endapo atakizungushia nguo za rangi. Nguo zikazungushwa, mwenyeji akazichukua na kuhamia bara. Baadaye alipotaka kurejea na jeshi lake maji yakitoka, alikuta mgeni ameuchimba mkondo na kisiwa kimekuwa kisiwa kwelikweli.

Kwa muda mrefu kisa hiki kimesomwa kwa namna mbili tu. Wako wanaokisoma kama daftari la abiria: walikuja, walikuwa saba, walitoka Shiraz, basi sisi ni wao. Na wako wanaokitupa: ni uzushi wa watu walioona haya kuwa Waafrika, haufai hata kusomwa. Makundi haya mawili yamegombana miaka mingi, na kila moja linadhani mwenzake ndiye tatizo. Ninavyoona mimi, yana kasoro moja ileile. Yote mawili yamekwenda kwenye matini yakiwa na jibu mkononi, na yaliporudi yamerudi na jibu hilohilo. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia ya tatu, nayo ni kusoma kwa jicho la uhakiki, kisha kuandika hoja kuu inayoweza kusimama mbele ya mtu asiyekupenda.

Kusoma kwa uhakiki si jambo geni kwetu, wala hatukungoja vyuo vikuu vitufundishe. Neno letu “matini” limetoka katika elimu ya hadithi, ambamo masheikh walitofautisha mambo mawili: isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, na matini yenyewe, yaani maneno yaliyopokewa. Mwanafunzi wa elimu hiyo huuliza kwanza: nani kakwambia, naye kaambiwa na nani, na je, waliwahi kukutana? Ndipo huuliza: maneno haya yanaafikiana na tunayoyajua kwa njia nyingine? Tukiichukua mizani hiyo na kuiweka juu ya tarikhi ya Kilwa, tutaona mambo ambayo mashabiki wa pande zote mbili hawakuyaona.

Tuanze na isnadi. Hatuna tarikhi moja ya Kilwa; tunazo tatu. Ya kwanza kuchapwa ni ya Mreno João de Barros, aliyeiingiza katika kitabu chake cha habari za Asia kilichotolewa mwaka 1552. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kilwa. Aliandika akiwa Ureno, akitumia habari zilizofika huko baada ya meli za Francisco de Almeida kuuvamia na kuuteka nyara mji huo mwaka 1505. Ya pili ni ya Kiarabu, iitwayo Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, iliyotungwa katika karne ya 16 na mtu wa Kilwa. Huyu aliahidi sura kumi. Tulizo nazo ni saba. Nakala tuliyonayo iliandikwa mwaka 1877, ikatoka Zanzibar enzi za Sayyid Barghash kwa mkono wa balozi John Kirk, ikaishia London, na mwaka 1895 Arthur Strong akaichapa. Ya tatu ni ya Kiswahili. Hiyo ilisimuliwa kwa mdomo huko kusini, Mjerumani Carl Velten akaikusanya na kuichapa mwaka 1907.

Kila moja, basi, ina mpokezi wake na haja yake. Barros alikuwa akiandika sifa za ufalme wa Ureno, na alitaka kueleza dhahabu ya pwani hii inatoka wapi na nani aliwahi kuihodhi. Mwandishi wa Kiarabu alikuwa mwanachuoni wa mji ulioporwa, ambao Wareno waliwapachika watawala waliowataka wao juu ya kiti chake. Alikuwa akiandika ili ijulikane nani alikuwa na haki ya kukikalia. Msimulizi wa Kiswahili alizungumza mwanzoni mwa utawala wa Kijerumani, mbele ya watu ambao jamaa zao wako bara na visiwani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiandika ili kutujibu sisi swali letu la leo, kwamba Mswahili ni nani. Hilo ni swali letu, na anayelipeleka kwao lazima ajue kuwa amelipeleka yeye.

Sasa tutazame matini. Zote tatu zinaafikiana katika nguzo mbili: palikuwa na wenyeji kabla ya mgeni, na kisiwa kilitolewa kwa nguo, hakikutekwa kwa upanga. Lakini zinapoachana, zinaachana vikubwa. Kwa Barros hakuna majahazi saba. Ni Ali na jamaa zake katika vyombo viwili kutoka Hormuz. Sababu ya kuondoka kwake si ndoto, bali ni dharau ya ndugu zake, kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi ilhali wao mama yao alikuwa mwana wa wakubwa wa Uajemi. Na kilichomvuta huku ni sifa ya dhahabu. Katika tarikhi ya Kiarabu mama huyo haonekani, dhahabu haitajwi kuwa ndiyo sababu ya safari, na tunapata jambo jingine: Kilwa palikuwa tayari na Mwislamu aliyekaa pale kabla ya mgeni, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wa biashara ile ya kisiwa na nguo. Katika simulizi ya Kiswahili, mwenyeji ana jina na kabila: ni Mrimba, wa Wamachinga. Mgeni anaitwa Ali bin Selimani. Nguo zinatandikwa. Kisha linakuja jambo lisilokuwamo katika zile mbili: mgeni anamwoa binti wa Mrimba, na mtoto aliyezaliwa anapokea mamlaka kutoka kwa babu yake mzaa mama. Hata mkondo wa maji hauchimbwi kwa jembe. Unatiwa maji kwa kisomo cha Qur’ani na kafara.

Msomaji wa haraka akiziona tofauti hizi atasema: basi zote ni uongo, maana zinapingana. Msomaji mhakiki atasema kinyume chake: hapa ndipo kazi inapoanzia. Visa vikiafikiana kila neno, huenda vimenakiliwa kimoja kutoka kingine; vikitofautiana, kila tofauti ni mlango wa kuingilia katika haja ya msimulizi. Swali zuri si “ipi ni ya kweli?” Swali zuri ni hili: kwa nini zinatofautiana mahali hapo hasa, na si pengine?

Kabla sijajibu, nipitie hoja ambazo zimekwisha kutolewa, kwani kijana anayejifunza kuandika hunufaika zaidi kwa kuzipima hoja za watu kuliko kwa kukariri kanuni.

Hoja ya kwanza husema: “Washirazi walikuwa na mchango mkubwa katika historia ya mwambao.” Sentensi hii haimkosei mtu, na ndiyo sababu haina faida. Mchango gani? Mkubwa kuliko wa nani? Lini? Hakuna ushahidi unaoweza kuivunja, kwa hiyo hakuna ushahidi unaoweza kuitia nguvu. Insha nyingi za vijana wetu huanzia na kuishia hapa, na mwalimu huzipa alama kwa sababu ya mwandiko.

Hoja ya pili ilitolewa na James Kirkman, aliyefukua magofu ya Gede. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 alishikilia kuwa majengo ya kale ya mwambao si ya Waafrika, bali ni ya Waarabu na Waajemi walioarabika, waliochanganya damu na Waafrika lakini wakawa mbali nao kabisa kwa utamaduni. Hii si hoja ya woga, ina makali. Kasoro yake iko katika maneno “mbali nao kabisa”. Umbali wa utamaduni wa watu haufukuliwi ardhini kama kigae. Huthibitishwa kwa kulinganisha vitu vya mjini na vitu vya vijiji vya jirani. Mark Horton alipoifukua Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980, alipata mji ulioanza katika karne ya 8. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe palikuwa na misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti na udongo. Vyungu vya wakaazi wa mwanzo vilikuwa vya namna ileile inayopatikana katika vijiji vya bara. Mji haukuteremshwa kutoka jahazini ukiwa mzima. Ulikua pale pale, kutoka udongo hadi jiwe, na Uislamu ukiwamo ndani yake tangu mapema.

Hoja ya tatu ni ya Neville Chittick, aliyefukua Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hii naipenda kwa sababu ilikuwa hoja ya kweli, ingawa imekuja kushindwa. Waliomtangulia, kwa kuhesabu miaka ya watawala katika tarikhi, walikuwa wameuweka mwanzo wa ukoo wa Kishirazi katika karne ya 10. Mwaka 1965 Chittick aliandika kuwa sivyo: zile sarafu za Ali bin al-Hasan alizozikuta katika matabaka ya Kilwa zilimwonyesha kuwa ukoo huo ulianza kiasi cha mwaka 1200, na kwamba waliofika hawakutoka Uajemi moja kwa moja, bali walitoka pwani ya Banadir. Tazama uzuri wa hoja hii: inataja wakati, inataja mahali, inataja ushahidi, na kwa hiyo inamwambia mpinzani wake aende akatafute nini. Mpinzani akatafuta. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ikapatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za ng’ambo, ya karibuni kabisa ikiwa na tarehe ya mwaka 1066. Jina la Ali bin al-Hasan limo humo. Basi mtu huyo hakuweza kuwa wa mwaka 1200. Ni wa karne ya 11. Hoja ya Chittick ikaanguka, na elimu ikapanda. Hoja isiyoweza kuanguka haipandishi kitu.

Naomba nikae kidogo juu ya sarafu hizi, kwani mshairi hawezi kuzipita. Hazina tarehe, lakini zina vina. Upande mmoja umeandikwa jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo zinamalizia kwa sauti moja. Watu waliozigonga walikuwa wakijua kusoma na walitaka wasomwe. Hali kadhalika watu wa Kizimkazi, waliochonga katika kibla cha msikiti wao mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jiwe lile lina umri wa miaka zaidi ya 400 kuliko tarikhi ya Kilwa. Anayetaka kuijua karne ya 11 na ya 12 aanze na vitu vya karne hizo, ndipo aje kwa waandishi wa karne ya 16. Huo nao ni usomaji wa kihakiki: kujua kipi ni shahidi wa tukio na kipi ni shahidi wa kumbukumbu ya tukio.

Sasa niweke hoja yangu, nayo ni hii: kisa cha nguo ni hati ya haki ya kutawala, na simulizi zake tatu zinaachana pale ambapo wasikilizaji wa kila msimulizi waliitafutia haki hiyo chimbuko tofauti. Mwandishi wa Kiarabu aliwaandikia watu waliosoma, ambao kwao haki hutoka katika nasaba ya baba na katika mkataba sahihi. Ndiyo maana mama wa Kihabeshi hayumo, na ndiyo maana yumo Mwislamu wa kushuhudia mapatano. Msimulizi wa Kiswahili alizungumza kusini, ambako majirani kama Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mbele ya watu hao nguo peke yake haitoshi, lazima haki ipite tumboni mwa mwanamke wa pale. Na Barros, aliyetaka kuieleza dhahabu, alikipa kisa sababu ya dhahabu.

Je, hoja hii inaweza kuvunjwa? Inaweza, na nawaonyesha mahali pa kupiga. Ikipatikana nakala kongwe ya tarikhi ya Kiarabu iliyo na ndoa ya binti wa mwenyeji, hoja yangu itapata ufa mkubwa. Zikipatikana simulizi za kusini, za wakati uleule wa Velten, zinazoieleza haki kwa nguo tu bila ndoa, ufa utazidi. Kumwonyesha msomaji pa kupiga si udhaifu wa mwandishi. Ni heshima kwa msomaji, na pia ni kinga, kwani mwandishi anayejua pa kupigwa ndiye anayejua pa kutia nguzo.

Mwaka 2023 ulikuja ushahidi wa aina nyingine. Jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya mwambao baina ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa ndani kidogo. Ilionekana kuwa wengi wa watu wa mwambao walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa wanawake; na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia. Katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000.

Habari ilipoenea, wenye kisa cha majahazi saba walishangilia: tuliwaambia! Wenye kisa cha uzushi wakanuna. Wote wawili wamesoma haraka. Vinasaba havikuthibitisha sultani, wala ndoto, wala idadi ya majahazi. Havikusema nani aliyejenga nyumba, wala nani aliyetawala. Lugha ya watu hao ilikuwa na imebaki ya Kibantu, na vigae vya Shanga havikubadilika kuwa vya Kiajemi kwa sababu ya uchunguzi wa maabara. Isitoshe, makaburi yaliyochunguzwa aghalabu ni ya karibu na misikiti, ambamo hawakuzikwa watu wa kila daraja. Lakini jambo moja linastahili kutafakariwa na kila aliyezoea kuidharau simulizi ya mdomo. Katika zile tarikhi tatu, iliyosema waziwazi kuwa mgeni mwanamume alimwoa mwanamke wa pale na ukoo ukatoka kwao wawili, ni ile ya Kiswahili, iliyochapwa mwisho na kupewa uzito mdogo kuliko zote. Sisemi kuwa Mrimba alikuwapo. Nasema kuwa umbo la kumbukumbu lilikuwa sahihi hata kama majina yake hatuwezi kuyathibitisha, na kwamba waandishi waliokuwa na karatasi ndio waliomwacha mwanamke nje.

Atakayeuliza haya yote yana faida gani, na aikumbuke historia ya visiwa hivi. Neno “Shirazi” halikubaki katika vitabu. Mwaka 1957 liliingia katika jina la chama, Afro-Shirazi, na mwaka 1959 chama hicho kikapasuka, na swali la nani Mshirazi na nani Mwafrika likawa halisemwi tena barazani kwa utani. Kufikia Januari 1964 swali la asili lilikuwa limekwisha kuwa swali la nani abaki hai. Sidai kuwa damu ile ilimwagika kwa sababu ya kusoma vibaya tarikhi ya Kilwa; siasa, ardhi na njaa vilikuwa na sehemu zao. Lakini watu waliofunzwa kuwa hoja ya asili ina majibu mawili tu, na kwamba lazima uchague moja, walikuwa wamekwisha kuandaliwa kugawanyika kabla ya mtu yeyote kuja kuwagawa.

Kwa hiyo kwa kijana anayetuletea insha, ombi letu ni dogo lakini si jepesi. Usianze na hoja. Anza na matini, na uisome mara mbili: mara ya kwanza ukiuliza inasema nini, mara ya pili ukiuliza inamwambia nani na kwa haja gani. Tafuta simulizi nyingine ya jambo lilelile, uziweke pamoja, na uandike orodha ya mahali zinapoachana. Katika orodha hiyo chagua moja tu inayokusumbua. Jibu lako kwa usumbufu huo, likiandikwa kwa sentensi moja yenye wakati, mahali na sababu, ndilo hoja yako kuu. Kisha mpe mtu anayekupinga aisome. Akikwambia “ni kweli, lakini nani asiyejua?”, irudishe mezani. Akikasirika na kuanza kukutafutia ushahidi, basi umepata hoja. Keti nawe utafute wako.

Nasi tutaichapa hata kama hatukubaliani nayo, na huenda mtu mwingine, katika toleo litakalofuata, akaja kuivunja. Kilwa imevunjiwa hoja nyingi, na kila moja iliyovunjwa imetuacha tukiijua zaidi.